Siku 81 za Henry Rono, na mzaha uliokwama kooni

Mshindi wa mita 400 wavulana alikuwa bado amelala kifudifudi kwenye nyasi, mwalimu akimmwagia maji kisogoni, mgeni wa heshima alipokabidhiwa kipaza sauti. Ilikuwa siku ya michezo katika shule moja ya huko juu, ukishapita Chavakali na Kaimosi ukielekea Kapsabet. Nilikuwa nimepanda kutoka Kisumu kumchukua mpwa wangu kwa likizo. Mistari ya chokaa ilikuwa imefutwa nusu na miguu ya watoto, na baridi ya Nandi ilikuwa imeanza kuniuma masikio.

"Watoto wangu," mgeni akasema, "kuna mtu wa hapa kwetu aliyevunja rekodi nne za dunia. Mnajua alizifanyia nini? Alizinywa zote!"

Watoto wakacheka. Walimu wakacheka. Mzee niliyeketi naye benchi moja, koti la mvua mapajani, hakucheka. Mgeni akaendelea na mawaidha yake ya chang'aa na bangi, ambayo hakuna mzazi mwenye akili timamu wa kuyapinga.

Jina la Henry Rono, mkimbiaji wa Kinandi aliyekuwa akimsema, hakulitaja.

Ndani ya matatu mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, yule wa rekodi alikuwa nani?" Nikaanza kumjibu tukiwa Kaimosi. Tulipofika Kiboswa nilikuwa bado niko mwaka 1978, na mtoto amelala begani kwangu.

Tangu siku hiyo mzaha ule haujanitoka. Naosha nao vyombo, nalala nao. Nimeona bora niuandike, labda utanishuka.

Raundi ya sekunde 66

Turudi kwanza kwa yule kijana wa kwenye nyasi. Ana umri wa miaka 14 hivi, miguu mirefu, peku. Mwalimu alitangaza muda wake: sekunde 66. Uwanja ukalipuka kwa makofi, akapewa thamosi, na alistahili. Mita 400 kwa sekunde 66 kwenye nyasi yenye mashimo ya fuko si mchezo. Alipojaribu kuinuka mara ya kwanza magoti yalikataa.

Sasa chukua raundi hiyohiyo. Ikimbie mara 25 mfululizo, na kila moja uimalize mapema kidogo kuliko yeye.

Hicho ndicho Rono alichofanya Vienna, Austria, tarehe 11 Juni 1978. Mita 10,000 kwa dakika 27, sekunde 22.47. Ukigawanya unapata sekunde 65.7 kwa kila mzunguko. Rekodi aliyoivunja siku hiyo ilikuwa ya Samson Kimobwa, Mkenya mwenzake, tena waliyesoma naye Chuo Kikuu cha Washington State kule Pullman, Marekani. Kimobwa alikuwa ameiweka mwaka mmoja tu kabla. Rono akaipunguza kwa sekunde nane.

Na hiyo ilikuwa rekodi yake ya tatu mwaka huo.

Ya kwanza ilikuwa tarehe 8 Aprili, Berkeley, California: mita 5,000 kwa 13:08.4. Dick Quax wa New Zealand alikuwa ameacha 13:12.9. Hayo yalikuwa mashindano ya vyuo, ambayo watu huenda kuona ndugu zao wakirusha mkuki. Ya pili tarehe 13 Mei, Seattle: mita 3,000 kuruka viunzi na maji, 8:05.4. Aliyekuwa nayo ni Anders Gärderud wa Sweden, aliyeiweka kwenye fainali ya Olimpiki ya Montreal. Viunzi 28, maji mara saba, na mtu anashusha rekodi ya Olimpiki kwa zaidi ya sekunde mbili kwenye mkutano wa Jumamosi. Ya nne ni Oslo, tarehe 27 Juni: mita 3,000 za kawaida, 7:32.1. Hapo kila raundi ilikuwa ya sekunde 60 na ushei.

Hesabu kuanzia Aprili 8 hadi Juni 27, zote mbili zikiwemo. Ni siku 81.

Nimeiangalia orodha hiyo mara nyingi na kinachonishangaza zaidi ni mchanganyiko wake. Mtu wa mita 10,000 hufanya mazoezi yake, na mtu wa viunzi na maji yake, na mwili mmoja kwa kawaida huchagua. Hajatokea mwingine aliyeziweka hizo nne katika msimu mmoja. Wamepita Waethiopia wenye mwendo wa ajabu, amepita Said Aouita wa Morocco, wamepita watoto wetu wenyewe ambao majina yao hatuwezi kuyamaliza. Hakuna.

Ile ya viunzi na maji ilikaa hadi 1989, Peter Koech, Mkenya mwingine, alipoipita kwa 8:05.35. Yaani kwa kupepesa jicho tu. Ya mita 3,000 pia ilikaa hadi 1989, Aouita alipoichukua. Miaka 11.

Mgeni wa heshima, hizo ndizo "zilizonywewa."

Mzee wa koti la mvua

Langoni, tukisubiri gari, yule mzee alinisogelea. Hakuzungumzia hotuba moja kwa moja. Aliniuliza tu, "Unajua huyo kijana alikuwa hatembei?"

Kijana. Rono alizaliwa 1952, na mzee bado anamwita kijana.

Habari yenyewe Rono aliisimulia mwenyewe. Akiwa mtoto wa miaka miwili hivi alianguka kutoka kwenye baiskeli ya mjomba wake, mguu ukaumia vibaya, na hakutembea tena sawasawa hadi alipokaribia miaka sita. Wenzake walikuwa wanachunga, yeye anatambaa. Baadaye ndipo sifa za Kipchoge Keino, Mnandi mwenzake, zikamwingia kichwani.

"Basi," mzee akasema, "mtu akianza kwa kutambaa, usimcheke akianguka." Akapanda gari la Kapsabet akaenda zake. Sikumuuliza jina.

Kwa siku kadhaa maneno yake yalinitosha. Halafu yakaacha kunitosha, maana huruma nayo ni namna ya kumkwepa mtu. Ukimwonea Rono huruma humwoni akikimbia. Unaona tu mguu ulioumia mwanzoni na chupa mwishoni, na zile siku 81 zinabaki katikati kama daraja la kuvukia.

Mashimo mawili

Kuna orodha nyingine ambayo Wakenya tunaipenda kuliko ya rekodi. Ni ya dhahabu za Olimpiki katika mbio za kuruka viunzi na maji kwa wanaume. Amos Biwott, Mexico 1968. Keino, Munich 1972. Julius Korir, Los Angeles 1984. Julius Kariuki, 1988. Matthew Birir, 1992. Joseph Keter, Reuben Kosgei, Ezekiel Kemboi, Brimin Kipruto, Kemboi tena, Conseslus Kipruto kule Rio 2016. Kuanzia Mexico hadi Rio, kila Olimpiki tuliyokwenda, tulirudi nayo. Ndiyo maana watangazaji wetu waliziita mbio zetu, na ndiyo maana Tokyo, Soufiane El Bakkali wa Morocco alipotupokonya, watu walikaa kama wafiwa.

Lakini angalia vizuri. Kuna 1972, halafu kuna 1984.

Katikati pana mashimo mawili, na yote mawili yako juu ya Rono.

Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, Kamati ya Olimpiki ikakataa kuifungia New Zealand, na nchi za Afrika zikafunga virago Montreal. Kenya ilikuwemo. Mwaka 1980 Wasovieti walikuwa wameingia Afghanistan, Rais Jimmy Carter akataka dunia isusie Moscow, na Kenya ikakubali.

Mimi nayatofautisha haya mawili, najua wengine hawakubaliani nami. La 1976 naweza kulitetea hata leo. Kule Soweto watoto wa shule walikuwa wameuawa mwezi uliotangulia. Kuna mambo ambayo mtu anaweza kukosa mbio kwa ajili yake na akalala usingizi. La 1980 kila nikilitazama naona tumemkimbilia mtu mbio zake. Carter alimtuma Muhammad Ali barani Afrika kutushawishi, bondia akatumwa kuwaomba wakimbiaji wasikimbie. Dar es Salaam Mwalimu Nyerere hakukubali hata kuonana naye. Sisi tulikubali.

Matokeo? Tanzania ilikwenda Moscow ikarudi na medali zake mbili za kwanza za Olimpiki. Filbert Bayi alipata fedha katika viunzi na maji, akiwa ameongoza kama mtu anayefukuzwa hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipomnasa raundi ya mwisho. Suleiman Nyambui alipata fedha katika mita 5,000. Nyambui huyu alikuwa anasoma Marekani na kushindana na Rono kwenye mbio za vyuo. Walijuana. Mmoja akapanda jukwaani Moscow, mwingine akabaki na karatasi za muda wake.

Na kumbuka kwamba wakati huo hapakuwa na mashindano ya dunia ya riadha. Ya kwanza yalikuwa Helsinki 1983. Mwanariadha wa leo akikosa Olimpiki, mwaka unaofuata ana jukwaa lingine. Rono alikuwa na Michezo ya Afrika, akachukua mita 10,000 na viunzi na maji mjini Algiers, 1978. Alikuwa na Jumuiya ya Madola, akachukua mita 5,000 na viunzi na maji kule Edmonton, mwaka huohuo. Zaidi ya hapo dunia ilikuwa na mlango mmoja tu, na ulifungwa mara mbili, na siye aliyekuwa na ufunguo. Mike Boit, Mnandi mwingine mwenye shaba ya mita 800 ya Munich, alifungiwa hivyohivyo.

Je, angeshinda? Hapa nataka niwe mwangalifu, kwa sababu kwenye vijiwe vya chai swali hili hujibiwa haraka mno. Montreal sidhani. Rono alikuwa bado anachipukia, na Gärderud alihitaji kuvunja rekodi ya dunia ili ashinde. Moscow, Malinowski alishinda kwa 8:09.7. Muda bora wa Rono ni wa kasi zaidi ya huo kwa sekunde nne, na sekunde nne katika viunzi na maji ni umbali wa kuangalia nyuma na kupunga mkono. Lakini Rono wa 1980 hakuwa yule wa 1978.

Kwa hiyo sidai kwamba aliibiwa dhahabu. Nadai alinyimwa mstari wa kuanzia.

Sasa tuje kwenye pombe

Nisingependa mtu afikiri nataka kumsafisha. Nina binamu aliyeoa, akajenga, akapanda chai ekari mbili, akaviuza kimoja kimoja kwa mpangilio kamili, na sasa tunamsalimia kwa kumpitisha pembeni ya barabara. Najua mgeni wa heshima alikuwa anapigana na nini. Katika vijiji vile pombe si mfano wa hotubani.

Rono mwenyewe hakuficha. Aliandika, alihojiwa, alisema alivyoingia na kutoka kwenye vituo vya kuacha pombe. Alifikia kulala kwenye makazi ya wasio na nyumba Marekani. Aliosha magari, alibeba mizigo ya wasafiri kwenye uwanja wa ndege. Hakuna adui aliyemzulia.

Kilichonikereketa ni mpangilio wa hadithi. Katika hadithi ya mgeni, kwanza kuna rekodi, halafu pombe, halafu mwisho. Haikwenda hivyo.

Baada ya ile 1978, waandaaji wa mbio wa Ulaya walimzungusha kama jembe la kuazima. Kila uwanja ulitaka rekodi yake. Kisheria hakuruhusiwa kulipwa, maana riadha ilikuwa bado ya ridhaa. Pesa zilipita kwenye bahasha, kimyakimya, bila mkataba, bila mshauri, mikononi mwa kijana aliyetoka kijijini. Leo mwanafunzi wa miaka 19 kutoka Iten ana meneja, ana wakili, ana mtu wa kumwambia asile nini. Rono alikuwa na begi.

Mwaka 1979 na 1980 akashuka. Unene ukamwingia, pombe ikamshika. Watu wakamwandikia buriani.

Halafu, tarehe 13 Septemba 1981, Knarvik, mji mdogo wa Norway ambao nililazimika kuutafuta kwenye ramani, Rono akakimbia mita 5,000 kwa 13:06.20.

Rekodi ya dunia. Ya tano.

Alikuwa tayari mlevi. Hakuwa ameacha, hakuwa amepona. Alikuwa amepunguza uzito kwa kukimbia mbio baada ya mbio mbele za watu, akishindwa hadharani wiki baada ya wiki, hadi mwili ukakumbuka. Sijui ni wangapi kati yetu tungekubali kuonekana tukishindwa kiasi hicho.

Nilipofika hapo ndipo niliposimama. Kwa wiki nzima nilikuwa natafuta namna ya kumjibu mgeni kwamba pombe haikuwa jambo kubwa, na Knarvik ikanikatalia. Inasema kitu kibaya zaidi kuliko mahubiri. Inasema unaweza kuwa mtu bora duniani katika kazi yako huku chupa inakula mguu wa kitanda chako, na watu wakakupigia makofi, na asiwepo hata mmoja wa kukushika mkono, kwa sababu muda wako ni mzuri. Kama mgeni angewaambia watoto hivyo, wasingecheka.

Februari

Usiku wa tarehe 11 Februari 2024, Kelvin Kiptum alifariki katika ajali ya gari barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kaptagat, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana. Alikuwa na miaka 24. Miezi minne kabla alikuwa amekimbia marathoni ya Chicago kwa 2:00:35. Mnakumbuka ile wiki. Hakuna simu iliyokuwa na picha nyingine.

Tarehe 15 Februari, Henry Rono akafariki Nairobi. Alikuwa na miaka 72.

Sina wivu na msiba wa Kiptum, na hakuna mtu mwenye moyo angekuwa nao. Lakini ile ratiba ya kifo ni ya Rono kabisa. Mwaka 1976, mlango. Mwaka 1980, mlango. Na siku ya kuagwa, nchi nzima imetazama kwingine kwa haki kabisa. Kiptum alizikwa tarehe 23. Katikati ya tarehe hizo mbili mzee mmoja aliyekuwa ameacha pombe miaka mingi, aliyefundisha shule na kunoa vijana wa riadha Albuquerque, New Mexico, aliyerudi nyumbani 2019 bila dhahabu ya Olimpiki na bila shamba la kujivunia, alipita katika habari za chini ya ukurasa.

Miaka yake ya utulivu nayo ilikuwa mingi. Sijawahi kuisikia kwenye hotuba.

Juzi nilikuwa stejini Mamboleo, nasubiri mvua ipungue. Kutoka pale, wingu likiinuka, unaiona kingo ya milima ya Nandi ikiwa imesimama juu ya mashamba ya miwa ya Kibos. Kijana wa boda ninayepanda naye mara nyingi, mpenzi mkubwa wa riadha, anajua nyakati za Faith Kipyegon kwa moyo, aliniona nikiandika tarehe kwenye daftari akaniuliza ni za nini. Nikamweleza kidogo.

"Rekodi tano?" akasema. "Na Olimpiki alishinda ngapi?"

"Hakukimbia."

"Alikataa?"

"Alikatazwa. Mara mbili."

Akafikiri, akipangusa kiti cha pikipiki kwa mkono wa koti. "Na hao waliomkataza, boss, walipata nini?"

Nilikuwa bado namweleza habari za raga ya New Zealand abiria wa Kajulu alipokuja, wakaelewana bei, wakaondoka.